Babu Alijua Una Nini Mkononi: Historia ya Kusoma Karata, Kutoka Mkonge Hadi Simu

Leo sina stori ya msanii wala ya harusi. Nina stori ya karata, na inaanzia kwetu Kitahana, Kibondo, kule kwenye baridi ambako jua likizama tu kila mtu kashavaa koti.

Mwezi uliopita dogo mmoja, mtoto wa mama mdogo, alinipigia kutoka Kasulu. Sauti haikuwa yake. "Kaka, nimeliwa." Nikadhani kaibiwa. Kumbe mtaji wa kununulia maharage msimu huu kauweka kwenye poka ya simu, na ndani ya usiku mmoja umekwisha. Ila kilichomuuma zaidi alikisema mwishoni: "Kaka, mimi nilikuwa nawasoma. Nilikuwa najua wana nini. Na mara nyingi nilikuwa sahihi."

Nikamwamini. Dogo huyu kakulia kwenye jamvi la babu yetu, na pale kijijini hakuna aliyependa kukaa upande wa pili wake. Sasa mtu anayejua kusoma karata za wenzake analiwaje? Nimelizungusha swali hilo wiki tatu, na kila nikilifuata linanirudisha nyuma, hadi kwa babu na hadi kwa merikebu za Wareno.

Karata zetu zinaongea Kireno

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakatimuliwa Mombasa mwaka 1698. Miaka 200 hiyo walituachia maneno kama meza, bendera na leso. Walituachia pia lugha nzima ya karata: karata yenyewe, turufu, kopa, uru, pau na shupaza. Ukimsikia mzee anasema "turufu shupaza", hapo anaongea Kireno kilichovaa kanzu.

Cheki na kitu kingine. Kamusi za zamani za Kiswahili cha Zanzibar zinamwita malkia wa karata "mzungu wa pili", yule J "mzungu wa tatu", na mfalme "mzungu wa nne". Kwa nini J amzidi malkia? Kwa sababu majina hayo yanalingana na pointi. Kwenye mchezo wa wahedi wa sitini, malkia ana pointi 2, J ana 3, mfalme ana 4. Saba ina 10, na rea, yaani A, ina 11. Jumlisha: kila aina ina pointi 30, na aina ziko nne, kwa hiyo mezani kuna pointi 120. Nusu ni 60. Anayepata moja zaidi ya hapo kashinda, ndiyo maana mchezo unaitwa kwa Kiarabu "sitini na moja". Zinazobaki hazina pointi, na hizo ndizo garasa. Ndiyo, neno lile lile tunalomwita mchezaji mbovu wa mpira.

Ishike namba 120, tutairudia.

Manamba na kipande chake

Nyumbani kwetu karata ziliingia kwa mgongo wa babu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada ya hapo vijana wa Buha wakawa nguvu kazi ya mashamba ya mbali. Wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua mwaka 1944, na watu wa Kasulu na Kibondo wakapakiwa kwenye treni kwenda Morogoro na Tanga. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake. Mkononi walikuwa na kipande: karatasi inayowekwa alama kila siku ukimaliza kazi. Alama 30 zikitimia, ndipo unalipwa.

Babu alikuwa mmoja wao. Alisema jioni kambini hakukuwa na kitu cha kufanya zaidi ya karata, na huko ndiko alikojifunza kwamba karata husomwa kwa kumbukumbu, macho ya mtu yanaweza kukudanganya. Somo lake la kwanza kwetu lilikuwa hili: "Kopa imeongozwa. Yule hana kopa. Mezani iko rea yetu, pointi 11, na hakuikata. Kwa nini hakuikata? Hana turufu. Sasa mnamjua." Hakuhitaji kumtazama usoni. Alihesabu kilichotoka, akabaki na kilichobaki, na kufikia mizunguko ya mwisho alikuwa anakutajia karata zako kabla hujazitupa.

Ila babu huyo huyo aliwahi kupigwa. Alikuwa anarudi kutoka Tanga na malipo yake, akashuka kwenye stesheni moja, akakuta duara la watu wanacheza karata tatu. Mnaujua mchezo: karata tatu zinachezeshwa, moja ndiyo ya ushindi, uonyeshe ilipo. Watu wawili wakashinda mbele yake. Kisha akaona karata ya ushindi imekunjwa kidogo kwenye kona. Moyo ukamdunda. Akaweka hela nyingi, akafunua, siyo. Wale wawili walioshinda walikuwa wenzake mchezeshaji, na ile kona ilikunjwa ili yeye aione.

"Karata ikisomeka kirahisi namna hiyo," alikuwa anatuambia, "uliza nani kaikunja."

Mhasibu, mkongwe na mashine

Wakati babu anazeeka, huko Marekani mchezo mwingine ulikuwa umeshakua. Poka ilianzia maeneo ya mto Mississippi karne ya 19, na mwaka 1998 ikaanza kuchezwa kwa pesa kwenye intaneti. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, umri miaka 27, aliingia kwenye mashindano makubwa ya Las Vegas kupitia tiketi aliyoishinda mtandaoni kwa chini ya dola 100. Wachezaji walikuwa 839. Akaondoka na dola milioni 2.5.

Mkono unaokumbukwa zaidi ni ule ambao mhasibu hakuwa na kitu. Mbele yake alikaa mcheza kamari mkongwe mwenye jozi ya tisa. Mhasibu akasukuma vipande vyake vyote mezani, yaani alipiga mkwara wa mwaka. Mkongwe akafikiri, akafikiri, akatupa karata zilizokuwa zinashinda. Baada ya hapo dunia nzima ikataka kucheza poka mtandaoni. Na mwaka huo huo wa 2003 ndipo Tanzania ilipotunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo inataka mchezaji awe na miaka 18 au zaidi.

Mwaka 2017, jijini Pittsburgh, ikaja zamu ya mashine. Programu ya kompyuta ilicheza na mabingwa wanne, mmoja mmoja, kwa siku 20, mikono 120,000. Ikawashinda. Haina macho, haimuoni mtu akitokwa jasho. Ilikuwa inahesabu tu, kama babu.

Basi dogo alikosea wapi?

Nilimfuata Kasulu. Tukakaa, nikamwomba anieleze mkono mmoja uliomuuma. Akaupanga mezani.

Yeye alikuwa na rea na mfalme. Karata za wazi zilikuwa rea, tisa, saba, nne na mbili, bila rangi ya kutisha. Mpinzani kamfuata mwanzo mpaka mwisho. Dogo akasoma hivi: huyu ana rea na malkia, au rea na J, au rea na kumi, au ana tisa mbili, saba mbili, au nne mbili, ambazo pamoja na ile ya mezani zinakuwa tatu.

Kusoma kuzuri kabisa, na ukihesabu kunapendeza zaidi. Rea zilizobaki ni mbili, malkia wako wanne, kwa hiyo rea na malkia inaweza kutokea kwa namna 8. Rea na J namna 8, rea na kumi namna 8. Jumla 24, na zote dogo anazipiga. Tisa zilizobaki ni tatu, unaweza kuzipanga mbili mbili kwa namna 3. Saba hivyo hivyo, nne hivyo hivyo. Jumla 9 zinazompiga yeye. Ni 24 kwa 9, dogo yuko mbele. Kwa hiyo akaweka dau kubwa la mwisho.

Hapo ndipo kosa lilipo. Tuseme dau ni 1,000. Kama mpinzani angelipia kwa karata zote hizo, basi katika mara 33 dogo angeingiza 24,000 na kutoa 9,000. Faida 15,000. Lakini kwa dau kubwa vile, mwenye rea na kumi anatupa. Mwenye rea na J anatupa. Hata mwenye rea na malkia anasita. Tuseme zile dhaifu zinazobaki kulipa ni namna 6 tu. Zile 9 zenye nguvu zinalipa zote, na kwa furaha. Sasa anaingiza 6,000 na kutoa 9,000. Karata zake ni zile zile na kusoma kwake ni kule kule, ila dau limegeuka hasara.

Dogo alikuwa anajiuliza "ana nini?" Swali lenye pesa ni "atanilipa akiwa na nini?" Kwenye jamvi la babu swali hilo la pili halikuwepo. Rea ni 11 siku zote. Hakuna anayekupa 20 kwa sababu umeitupa kwa ujasiri. Poka inakulipa kwa kiasi unachoweka, na wachezaji wazuri huweka kidogo pale ambapo mnyonge bado atalipa, na kikubwa pale ambapo mwenye karata nzuri kidogo hawezi kuziacha.

Dogo alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo nikilijua hilo, nirudi?"

Nikamkumbusha zile 120. Kwa babu, pointi zikianza 120 zinamaliza 120. Nilichopoteza mimi umepata wewe, kesho nitakurudishia. Kwenye simu mwenye meza anakata chake karibu kila mkono, nani kashinda hamhusu. Mkicheza ninyi kwa ninyi mpaka asubuhi, mmepungukiwa wote na yeye kaongezeka. Ili upate faida hutakiwi kuwa mzuri tu; uwe mzuri kuwazidi wenzako na kuzidi makato. Na hujui umekaa na nani. Pale kijijini alimjua kila mtu, anayeficha turufu na anayetupa rea mapema. Waliosema mcheza kwao hutuzwa hawakukosea.

Dogo sasa anafanya kibarua kwa mnunuzi mwingine wa maharage, anabeba magunia ili arudishe mtaji. Jumapili iliyopita alikuja Kitahana. Babu hayupo tena, lakini jamvi lipo, na karata zimechakaa kiasi kwamba shupaza unaitambua kwa mgongo. Tulicheza hadi giza. Alinitajia karata zangu nne za mwisho bila kukosea.

Nilimpisha kiti, nikaenda kukoka moto.

Wewe kwenu mliuitaje mchezo huu, na nani alikuwa habebeki? Tiririka hapo chini.