Nani Aliandika Ile Orodha? Tuzo za Jukwaani Kutoka Nakuru Hadi New York Hadi Hapa Gudele



Huku Gudele ukitaka watu wasahau kwamba umeme hakuna, wewe taja tu mchezo wa kuigiza. Wengi wetu tulisomea Kakuma, na mtu yeyote aliyepitia shule ya Kenya, hata kama alikuwa anakaa nyuma kabisa karibu na mlango, ana maoni yake kuhusu mashindano ya drama. Yuko anayeapa shule fulani iliibiwa. Yuko anayesema waamuzi walikuja na matokeo tayari. Lakini kati yetu kuna waliokimbia Khartoum mwaka 2023, na wengine wa Kongo waliopitia Yei, na hao hawana shule ya kushabikia kule. Wao ndio walituuliza swali ambalo tulikuwa tunaliruka: kabla hamjabishana kuhusu mshindi, nani aliamua ni maigizo gani yafike mbele ya waamuzi?

Tukaona swali hilo ni kubwa kuliko ubishi wetu wote. Hii ndiyo historia tuliyokusanya.

Mashindano ya drama ya shule za Kenya yalianza mwaka 1959, Mwingereza akiwa bado anatawala. Jukwaa kubwa la nchi lilikuwa Kenya National Theatre pale Nairobi, jumba lililofunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika jinsi mashindano hayo yalivyokuwa mikononi mwa wageni kwa miaka mingi, hata baada ya uhuru: maigizo ya Kiingereza, vipimo vya Kiingereza. Mabadiliko yalikuja miaka ya 1970, pale Wasambo Were alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkaguzi wa drama shuleni. Mashindano yakatoka kwenye lile jumba la Nairobi yakaanza kuzunguka mikoani, na maigizo yaliyotungwa na Wakenya wenyewe yakaongezeka, Kiswahili nacho kikapata nafasi. Ukiangalia vizuri, kikombe hakikubadilishwa. Kilichobadilika ni mtu anayekaa kwenye kiti cha kuamua na mahali kiti kinapowekwa, na hiyo peke yake ilitosha kubadilisha aina ya igizo linaloonekana zuri.

Na kuchaguliwa nako si mwisho wa safari. Mwaka 1976 maigizo mawili yalichaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC la Lagos, lililofanyika mwanzoni mwa 1977. Moja lilikuwa la Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, la pili lilikuwa Betrayal in the City la Francis Imbuga. Yamechaguliwa na nchi, sawa? Lakini Kenya National Theatre iliyapa siku chache tu mwezi wa Oktoba, kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshawekewa maonyesho ya wageni. Yaani igizo la taifa linaomba nafasi kwenye jumba la taifa kama mpangaji anayechelewa kodi.

Kwa wale ambao hawakusoma Kenya, tueleze jinsi ile ngazi inavyofanya kazi. Shule inaanza kwenye kaunti ndogo, ikipita inaenda kaunti, halafu kanda, halafu taifa, na washindi wa taifa huigiza mbele ya Rais. Kila mahali kuna waamuzi wanaotoa alama, na wanasimama mbele ya watu kueleza walichokiona. Hiyo sehemu sisi tuliipenda sana. Mwamuzi anasema sauti yako haikufika, au umempa mgongo mtazamaji, na shule nzima inasikia. Sisi wa Kakuma tulianzia Turkana Magharibi, na kufika Lodwar tu ilikuwa ni sherehe. Kwa hiyo kule hakuna kikao kimoja kinachoteua wanaowania. Kila ngazi ni uteuzi, na kila ngazi ina mtu anayeweza kukuzuia.

Ndiyo maana kesi za Butere ni muhimu, na tunaziandika kwa urefu kidogo.

Mwaka 2013 wasichana wa shule ya sekondari ya Butere walikuwa na igizo linaloitwa Shackles of Doom, lililoandikwa na Cleophas Malala. Lilizungumzia watu wanaonyang'anywa utajiri wa ardhi yao, na makabila yanavyogawana vibaya keki ya nchi. Lilikuwa limeshapanda ngazi na kupata tiketi ya fainali za taifa, kisha likapigwa marufuku kwa madai kwamba lina chuki ya kikabila. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani, na Jaji David Majanja akaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza. Kumbuka hapo hakuna aliyeomba mahakama iwape ushindi. Waliomba tu warudishwe kwenye orodha.

Miaka 12 baadaye, shule ileile, mtunzi yuleyule ambaye katikati hapo alishakuwa Seneta wa Kakamega. Igizo la 2025 liliitwa Echoes of War, na lilihusu nchi inayotoka vitani na vijana wasiowaamini tena wakubwa wao. Kenya ilikuwa imetoka kuona maandamano ya vijana ya Juni 2024, basi kila mtu akaelewa linamgusa nani. Likaondolewa. Mahakama Kuu tena ikaamuru liigizwe. Usiku wa kuamkia siku yao, Malala alikamatwa Nakuru. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili 2025 wasichana wakapandishwa jukwaani pale Kirobon bila mwongozaji wao, bila vyombo vya sauti, bila watazamaji. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaondoka wakilia. Nje polisi walikuwa wanarusha gesi ya machozi.

Hapa ndipo tulipogombana sana. Wengine wetu wanasema Malala ni mwanasiasa na aliwatumia watoto. Inawezekana, hatukatai. Lakini kama igizo ni baya, kuna waamuzi, wana kalamu na karatasi ya alama. Waache waliangalie halafu walipe alama 20. Kuliondoa kabla halijaonekana ni kuwanyima hata waamuzi kazi yao. Na ile amri ya mahakama ilitufundisha kitu kingine: jina lako linaweza kurudi kwenye orodha, na bado ukakuta kumbi tupu.

Watu hudhani huko Marekani mambo haya yamenyooka. Yamepangwa zaidi, hilo kweli. Tuzo kubwa ya jukwaa kule ni Tony, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1947. Kuna kamati ya uteuzi, watu makumi kadhaa ambao kazi yao ni kuona maonyesho yote ya msimu na kutoa orodha ya wanaowania. Baadaye wapiga kura zaidi ya 800, wengi wao watu wa kazi hiyohiyo ya jukwaa, wanachagua mshindi kutoka kwenye orodha hiyo. Hawawezi kuandika jina jipya. Na kabla ya kamati yenyewe kuna geti lingine: onyesho lazima liwe Broadway, yaani kwenye moja ya kumbi 41 za New York zinazotambuliwa, zenye viti 500 au zaidi. Uwe mzuri vipi, ukiigiza kwenye ukumbi wa viti 200 hauhesabiki.

Mfano tunaoupenda ni wa Lupita Nyong'o. Alilelewa Kenya, na alipokuwa na miaka 14 aliigiza Juliet na kundi la Phoenix Players la Nairobi. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi Yale, alikuwa mwigizaji wa akiba kwenye Eclipsed, igizo la Danai Gurira kuhusu wanawake walioshikwa katika vita vya Liberia. Mwaka 2015 igizo hilo likaonyeshwa New York kwenye Public Theater, Lupita akiwa mbele. Lakini pale si Broadway. Waigizaji wazuri, hadithi nzuri, na kwa Tony ni kama halipo. Mwaka 2016 likahamia Golden Theatre, ambayo ni Broadway, na ghafla likateuliwa kuwania tuzo sita, na Lupita akiwemo. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilienda kwa Jessica Lange, na Eclipsed ikaondoka na tuzo ya mavazi. Hadithi ni ileile, maumivu ya wale wanawake wa Liberia ni yaleyale. Mlango ndio uliokuwa tofauti, na mlango huo unahitaji mtu mwenye pesa za kuuhamisha mchezo mzima mpaka jumba lingine.

Kuna wengine waliopita mlango huo mapema zaidi. Mwaka 1975 John Kani na Winston Ntshona wa Afrika Kusini walipewa Tony moja ya mwigizaji bora wa kiume, wote wawili pamoja, kwa maigizo mawili: The Island na Sizwe Banzi Is Dead. Hilo la pili kila mkimbizi angelielewa bila kufafanuliwa, kwa sababu linahusu mtu asiye na karatasi halali anayechukua kitambulisho cha maiti ili apate kazi. Wazungu wa New York walipiga makofi. Mwaka uliofuata walirudi kuliigiza nyumbani, na wakakamatwa Transkei. Watu wa jukwaa nchi za nje walipiga kelele mpaka wakaachiliwa. Kwa hiyo tuzo ilisaidia, hatuwezi kusema ni bure. Lakini haikuwa pasipoti.

Sasa turudi karibu. Juba ina historia yake ambayo hatufundishwi. Mwaka 1994, huko Khartoum, watu wa kusini waliokimbia vita walianzisha kundi la Kwoto, likicheza ngoma na maigizo ya makabila mbalimbali kati ya wakimbizi wa ndani. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Derik Uya Alfred. Hakuna aliyewateua kwa lolote; serikali ya wakati huo haikuwapenda. Mwaka 2012, nchi hii ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja, Derik Uya na Joseph Abuk waliongoza South Sudan Theatre Company kwenda London, kwenye ukumbi wa Globe, wakaigiza Cymbeline ya Shakespeare kwa Kiarabu cha Juba, tafsiri ya Abuk mwenyewe. Yalikuwa maigizo 37 kwa lugha 37. Kiswahili kilikuwepo pia, na wasanii kutoka Nairobi walileta Merry Wives of Windsor.

Tamasha lile halikuwa na mshindi. Lilikuwa na orodha tu, na kuwemo kwenye orodha ndiyo ilikuwa tuzo yenyewe. Fikiria lugha ya sokoni Konyo Konyo na ya madereva wa boda, lugha ambayo wengine huiita Kiarabu kilichovunjika, inasimama kwenye ukumbi wa Shakespeare. Na wakati huohuo, Aprili ile, kulikuwa na mapigano Panthou mpakani na mafuta yalikuwa yamefungwa. Kama kamati ingedai ukumbi wa viti 500 na umeme wa uhakika, Sudan Kusini isingekuwemo.

Tunayaandika haya kwa sababu ya Juni 20. Kila Siku ya Wakimbizi Duniani vikundi vinaombwa kuandaa maigizo, halafu ofisi inachagua matatu au manne ya kuonyeshwa mbele ya wageni. Mwaka mmoja, katika kambi ambayo baadhi yetu tulikuwa tunajitolea, vikundi saba vilijiandikisha. Vilivyopita vilikuwa vya kunawa mikono, amani, na kumpeleka mtoto wa kike shule. Kilichoigiza kuhusu mgao wa chakula kupunguzwa kiliambiwa muda hautoshi. Pengine kweli muda haukutosha! Tuseme ukweli pia, kuna igizo linakatwa kwa sababu ni la saa nzima na hata aliyekaa mstari wa pili hasikii neno. Lakini hakuna karatasi iliyotolewa, hakuna aliyesimama kueleza kama wale waamuzi wa Turkana, na wale wasichana wawili waliotunga lile igizo hawakuandika tena. Mmoja wao alikuwa na kipaji kuliko sisi wote.

Kwa hiyo ombi letu kwa marafiki wa mashirika ni dogo, halihitaji bajeti. Tuambieni vipimo kabla hatujaanza mazoezi: dakika ngapi, lugha gani, mada gani haziruhusiwi. Kama kuna mada isiyoruhusiwa, iandikwe, tuisome. Wanaochagua waje waangalie igizo lote, si kusoma muhtasari wa nusu ukurasa kwenye simu. Na wawili kati yao wawe wakimbizi ambao hawana kikundi kinachoshindana.

Sisi wa Gudele mwaka huu tumeanza na letu wenyewe. Vikundi vitano vimejiandikisha na nafasi ni mbili. Wanaoamua ni watano: mama mmoja mfanyabiashara wa chai, mwalimu mstaafu, kijana wa Gorom, na wawili waliowahi kuigiza wakiwa Khartoum. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa, chini ya mwembe, na kila mwamuzi atasema alama zake kwa sauti. Igizo la mgao limo, limeandikwa upya na kikundi kingine, na kwa sasa lina dakika 40. Wameambiwa walikate lifike 20 kama wengine wote, na bado wanalalamika.