Hekima ya Kunyamaza: Tarehe ya Mitambo Iliyoumbwa kwa Mfano wa Ubongo

John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria ambaye andiko lake la mwaka 1945 liliweka msingi ambao kompyuta za dunia zimejengwa juu yake hata leo, alialikwa na Chuo Kikuu cha Yale kutoa mihadhara juu ya mashine za hesabu na ubongo wa binadamu. Lakini saratani ilimtangulia, akafariki mwezi Februari 1957 pasipo kuitoa wala kuikamilisha, na yale aliyokuwa amekwisha kuyaandika yakachapishwa mwaka uliofuata katika kitabu kidogo. Ndani yake mna hesabu moja ambayo kwa maoni yangu ndiyo asili ya habari yote hii. Aliukadiria ubongo mzima kuwa hutumia wati 10 hivi, na leo twaambiwa ni karibu 20, ilhali valvu moja ya kompyuta za zama zake ilikula wati 5 hadi 10 peke yake. Maana yake ni kwamba seli moja ya neva hufanya kazi kwa nguvu iliyo ndogo mara bilioni kadhaa, na huenda zaidi, kuliko kifaa alichokibuni mwanadamu kishike nafasi yake. ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na ilihitaji kilowati 150 hivi, wala hapana awezaye kusema kuwa ilikuwa na akili ya mtoto mchanga.

Siri ya iktisadi hiyo ya maumbile ilikuwa imekwisha kuanza kufichuliwa na wataalamu wa viungo hai. Mwaka 1907 Louis Lapicque, Mfaransa, aliieleza neva ya chura kama chombo kinachokusanya umeme kidogo kidogo mpaka kufikia kizingiti chake. Na mwaka 1926 Edgar Adrian wa Cambridge alidhihirisha kuwa uzi wa neva haupandishi wala haushushi sauti yake, bali hutoa mpigo kamili au hautoi kabisa, na ukali wa jambo husomeka katika wingi wa mipigo. Kisha Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliofanya majaribio yao Plymouth juu ya uzi mnene wa neva ya ngisi, wakatoa mwaka 1952 milinganyo inayoeleza jinsi mpigo huo unavyozaliwa katika utando wa seli. Katika ubongo, basi, sehemu kubwa ya seli hunyamaza sehemu kubwa ya wakati, na seli iliyonyamaza haigharimu sana.

Aliyeihamishia siri hiyo katika mashine ni Carver Mead, profesa wa Taasisi ya Teknolojia ya California, aliyekuwa miongoni mwa watu walioufundisha ulimwengu namna ya kusongamanisha maelfu ya transista katika kipande kimoja cha silikoni. Katika taasisi hiyo hiyo alikuwako Max Delbrück, mwanabiolojia aliyetunukiwa Nobeli mwaka 1969, na mazungumzo yao ndiyo yaliyomvuta Mead kutazama jinsi mkondo wa umeme katika utando wa neva unavyokua volteji inapopanda: haukui kwa kujumlishwa bali kwa kuzidishwa. Umbo hilo Mead alikuwa akilifahamu kwingineko. Transista inayopewa volteji iliyo chini ya kizingiti chake haizimiki kabisa; huvujisha mkondo mdogo mno, na mkondo huo hufuata kanuni ile ile ya kuzidishwa. Wahandisi wengi waliuhesabu mvujo huo kuwa hasara ya kuzuiwa kwa kila tadbiri, ijapokuwa wahandisi wa saa za mkono huko Uswisi, Eric Vittoz akiwa mmoja wao, walikuwa wamekwisha kuutumia katika miaka ya 1970 ili betri ndogo idumu. Mead aliona humo jambo kubwa zaidi ya kuokoa betri. Ikiwa silikoni na utando wa seli hufuata kanuni moja, basi hapana haja ya kuihesabu neva kwa tarakimu nyingi. Yatosha kuijenga, na kuiacha fizikia ya transista ifanye kwa tabia yake kazi inayofanywa na fizikia ya mwili. Fikra hiyo ilikomaa katika somo alilolifundisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 pamoja na Richard Feynman na John Hopfield, ikatokeza katika kitabu chake cha mwaka 1989, na tangu hapo vyombo vya namna hii vikaitwa vya nyuromofiki.

Lakini itakuwa dhuluma kuiandika tarehe hii kana kwamba ni ya Mead peke yake. Misha Mahowald, mzaliwa wa Minneapolis mwaka 1963, aliingia katika taasisi hiyo kusoma biolojia, akawa mwanafunzi wa Mead, na ndiye aliyeunda retina ya silikoni, ambayo wao wawili waliieleza kwa wasomaji wa kawaida katika jarida la Scientific American mwaka 1991. Chipu hiyo haikupiga picha kama kamera ipigavyo. Kila kitone chake kililinganisha mwanga kilioupokea na wastani wa mwanga wa jirani zake, na kilichotolewa ni ile tofauti tu. Ukuta mtupu haukuwa na la kusemwa, bali ukingo wa kitu na mwendo wake ndivyo vilivyotangazwa.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Jicho la mtu hupeleka habari zake kwa nyuzi zipatazo milioni moja, na chipu haina pahala pa kutia milango milioni moja. Mahowald na wenzake wa maabara ya Mead walitambua kuwa neva huenda polepole, isitoe aghalabu zaidi ya mipigo mia chache kwa sekunde, ilhali waya wa umeme huweza kupitisha mamilioni. Kwa hiyo njia moja yaweza kuzihudumia seli maelfu kwa maelfu, madhali kila seli inapopiga hutaja anwani yake na kunyamaza, na ule wakati wa kutajwa kwake ndio ujumbe wenyewe. Ni desturi ya mlinzi mwema wa usiku, asiyewaamsha wenye nyumba kila dakika kuwaambia kwamba hapana kitu, bali hupaza sauti asikiapo hatua. Tasnifu ya Mahowald ya mwaka 1992 iliufafanua utaratibu huo, na karibu kila chombo nitakachokitaja baada ya hapa kimeurithi kwa namna moja au nyingine. Alifanya kazi Oxford, kisha Zürich, na huko Zürich akafariki mwishoni mwa mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 33. Nasikitika kwamba jina lake hutajwa kwa haraka katika vitabu ambavyo jina la mwalimu wake hutajwa kwa kirefu.

Katika wanafunzi wengine wa Mead alikuwako Kwabena Boahen, aliyekulia Accra nchini Ghana, ambaye baadaye huko Stanford aliunda Neurogrid, ubao wa chipu 16 unaoigiza seli milioni moja kwa kasi ya ubongo wenyewe na kutumia wati 3 tu. Alikuwako pia Tobi Delbrück, mwana wa yule Max. Naye mwaka 2008 pamoja na Patrick Lichtsteiner na Christoph Posch alitangaza kamera ya vitone 128 kwa 128 ambayo kila kitone hutoa ishara pindi mwanga wake unapobadilika, na kisipobadilikiwa hakisemi. Baba alimwonyesha Mead tabia ya neva, na mwana akaitia katika jicho lililotoka maabara na kuuzwa viwandani.

Baada yao yakaja mashirika makubwa. IBM ilitoa TrueNorth mwaka 2014, chipu ya seli milioni moja na maungano milioni 256 inayofanya kazi kwa takriban miliwati 70. Intel ikafuata na Loihi mwaka 2017, na mwaka 2024 ikaziunganisha chipu 1,152 za kizazi cha pili katika mtambo mmoja uitwao Hala Point, wenye seli bilioni 1.15 na usiozidi wati 2,600. Huko Manchester, Steve Furber, mmoja wa wabunifu wa prosesa ya ARM, alikwenda njia nyingine: alitumia prosesa ndogo za kawaida, zikafika milioni moja mwaka 2018, zikipelekeana mipigo kwa programu.

Ila ugumu wa kufundisha ulikuwa ungaliko. Mitandao ya kawaida ya akili bandia hujifunza kwa kupima jinsi kosa linavyobadilika kila uzito wa ungano unapoguswa kidogo, na mpigo hauna kidogo: upo au haupo. Kwa miaka mingi watafiti walitegemea kanuni iliyoonekana katika seli hai mwishoni mwa miaka ya 1990, kwamba ungano huimarika seli itangulizayo inapopiga punde kabla ya ile ipokeayo, na hudhoofika kinyume chake. Kanuni nzuri, lakini haikutosha kwa kazi kubwa. Katika miaka ya 2010 wakapata hila ya kuweka mteremko wa bandia mahali pa ule mruko wa ghafla wakati wa kufundisha, na mitandao ya mipigo ikaanza kukaribia ile mingine. Hata hivyo mafunzo hayo aghalabu hufanyika katika prosesa za michoro zinazokula umeme kwa israfu, ndipo matokeo yahamishiwe katika chipu ile yenye kuridhika na kidogo.

Jambo lingine linawagawanya mafundi wenyewe. Transista zinazofanya kazi chini ya kizingiti hazilingani. Tofauti ndogo ya kiwandani huzidishwa na ile ile kanuni ya kuzidisha, hata mbili zilizo jirani zisitende sawa. Kwa sababu hiyo IBM na Intel waliuacha mvujo wa Mead wakarudi kwenye tarakimu, wakibakiza mipigo na anwani za Mahowald. Watafiti wa Zürich wangali wanajenga kwa njia ya kwanza, wakihoji kwamba seli za ubongo nazo hazilingani na ubongo hautaabiki kwa hilo, bali hujifunza pamoja na kasoro za sehemu zake. Kwangu mimi hoja ya Zürich ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoikaribia hesabu ya von Neumann. Lakini mpaka sasa chipu zenye seli nyingi zaidi ni za tarakimu.