Anwani ya IP ya Kudumu kwa Vifaa vya Siriali: Sababu Zake na Namna Inavyopangwa

Mizani ya kupimia magari katika barabara kuu, mashine za vipimo katika maabara za hospitali, mita za maji katika vituo vya kusukumia maji na printa za risiti ni miongoni mwa vifaa ambavyo hadi leo hutumia poti ya siriali, yaani njia ya waya inayopeleka taarifa biti moja baada ya nyingine. Kiwango kinachofahamika zaidi cha njia hiyo, RS-232, kilitolewa nchini Marekani mwaka 1960, na waya wake haukukusudiwa kuvuka umbali wa takriban mita 15. Ili taarifa za kifaa cha aina hiyo zifike kwenye kompyuta iliyopo jengo jingine au mkoa mwingine, hutumika kigeuzi: kisanduku kidogo chenye poti ya siriali upande mmoja na tundu la waya wa mtandao upande wa pili. Kigeuzi ndicho kinachopewa anwani ya IP. Mizani yenyewe haina habari kwamba imeunganishwa na mtandao.

Katika mpangilio wa kawaida, kompyuta ya ofisini ndiyo inayokipigia hodi kigeuzi kwa anwani iliyoandikwa ndani ya programu yake. Anwani hiyo ikibadilika, kompyuta huendelea kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe amekwishahama. Kwenye kituo cha mizani, gari linapopanda, kioo cha mizani huonesha uzito sawasawa, lakini kwenye kompyuta inayolinganisha uzito huo na ukomo wa tani 56 wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna kinachofika. Foleni hurefuka, watumishi huanza kuandika kwa mkono, na fundi anayeitwa hukuta mizani nzima, waya mzima na kompyuta nzima.

Chanzo cha hali hiyo mara nyingi ni itifaki ya DHCP, ambayo huwezesha ruta kugawa anwani yenyewe. Anwani inayogawiwa kwa njia hiyo ni ya kuazima: hutolewa kwa muda maalumu, na kwa kawaida kifaa huomba kuongezewa muda pale nusu ya muda huo inapofika. Maadamu ruta na kigeuzi havijazimwa, anwani ile ile inaweza kudumu kwa miezi mingi, na hapo ndipo mtego ulipo. Fundi huunganisha, huona taarifa zinapita, huondoka. Siku umeme unapokatika kwa muda mrefu au ruta inapobadilishwa, simu ya mtu au printa huwahi kuchukua anwani hiyo, na kigeuzi hupewa nyingine. DHCP inafaa sana kwa kompyuta na simu, ambazo zenyewe ndizo huanzisha mawasiliano. Haifai kwa kifaa kinachosubiri kutafutwa.

Kazi ya kwanza, kabla ya kugusa kifaa, ni kuchagua anwani. Mitandao ya ndani ya ofisi hutumia mafungu matatu yaliyotengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi yasiyo ya umma: yanayoanza na 10, yale ya kuanzia 172.16 hadi 172.31, na yale ya 192.168. Tuchukue mtandao wa 192.168.10, ambao ruta yake hugawa namba za mwisho kuanzia 100 hadi 199. Kigeuzi hupewa namba iliyo nje ya fungu hilo, mathalani 192.168.10.25. Namba iliyo ndani ya fungu inaweza kufanya kazi leo, kisha ruta ikaigawa kwa kifaa kingine kesho. Vifaa viwili vyenye anwani moja huleta hitilafu ngumu kuibaini, kwa kuwa mawasiliano hukatika na kurudi bila mpangilio. Kuipigia anwani kwa amri ya ping ili kuona kama ina mwenyewe ni hatua nzuri, ila haitoshi: kifaa kilichozimwa siku hiyo hakitajibu.

Baadhi ya wasimamizi wa mitandao huchagua njia nyingine, ya kuiagiza ruta iwekee kila kigeuzi anwani moja kwa kutambua anwani yake ya MAC, ile iliyochapishwa kwenye kibandiko cha kifaa. Njia hiyo huweka taarifa zote mahali pamoja na inafaa makao makuu yenye wataalamu wa TEHAMA wakati wote. Kwa kituo cha mbali kisicho na fundi, ni salama zaidi anwani iandikwe ndani ya kigeuzi chenyewe, kwa sababu ruta ikiungua, maagizo yake huungua nayo.

Ugumu halisi upo katika kukifikia kifaa kipya, kwani kigeuzi hakina kioo wala kibodi, nacho hakiwezi kufikiwa mtandaoni kabla hakijawa na anwani. Watengenezaji wametatua jambo hilo kwa namna tofauti. Vigeuzi vya Moxa NPort hutoka kiwandani vikiwa na anwani 192.168.127.254; fundi huibadilisha kwa muda anwani ya kompyuta yake iwe katika mtandao huo, kwa mfano 192.168.127.10, hufungua ukurasa wa mipangilio kwa kivinjari, huandika anwani mpya, kisha huirejesha kompyuta katika hali yake. Watengenezaji wengi pia hutoa programu inayopiga mbiu kwenye mtandao na kuorodhesha vigeuzi vyake vilivyoitika.

Vigeuzi vingi vya Lantronix vya kizazi cha zamani, ambavyo bado viko kazini, hukubali njia isiyohitaji programu maalumu. Kompyuta huambiwa kwamba anwani iliyochaguliwa ni ya kifaa chenye anwani fulani ya MAC, kwa amri ya arp -s 192.168.10.25 ikifuatiwa na anwani hiyo ya MAC, ambayo katika vifaa hivyo aghalabu huanza na 00-20-4a. Kisha hutolewa amri ya telnet 192.168.10.25 1. Amri hiyo hukataliwa, na ndivyo inavyotakiwa: katika kuipokea, kigeuzi kimekwishaichukua anwani hiyo kwa muda. Mara moja hufuata telnet 192.168.10.25 9999, na kitufe cha Enter hubonyezwa ndani ya sekunde chache ili orodha ya mipangilio ifunguke. Anwani huandikwa, na lazima ihifadhiwe kabla ya kutoka. Vinginevyo hupotea kifaa kinapozimwa. Njia hii haivuki ruta, hivyo kompyuta na kigeuzi sharti viwe kwenye mtandao mmoja. Kwenye Windows za sasa, telnet huhitaji kuwashwa kwanza, na amri ya arp huhitaji mamlaka ya msimamizi.

Iwapo mtandao haupatikani kabisa, kigeuzi cha aina hiyo hufikiwa kwa poti yake ya siriali: kompyuta huwekwa kasi ya 9600, herufi x hushikiliwa, na kifaa huwashwa.

Maski ya mtandao, ambayo humweleza kifaa ni anwani zipi zilizo jirani naye, imewapotosha wengi. Kwa mtandao wa mfano ni 255.255.255.0, ambayo kwenye ruta nyingi huandikwa 24, yaani idadi ya biti za mtandao. Orodha ya Lantronix huuliza kinyume chake, idadi ya biti zinazobaki kwa vifaa, na jibu sahihi ni 8. Anayeandika 24 huishia na kigeuzi kinachoonekana kimepangwa vizuri lakini mawasiliano yake na mitandao mingine yamevurugika. Lango la mtandao, ambalo ni anwani ya ruta, huhitajika tu pale kompyuta inayosoma taarifa ipo nje ya mtandao huo.

Uthibitisho wa kazi ni kuzima kila kitu, ruta ikiwemo, na kuwasha upya. Anwani ikibaki ile ile huku muunganisho ukikataliwa, huenda kigeuzi bado kinashikilia muunganisho wa kompyuta iliyozimika ghafla, kwani vingi hupokea mmoja tu kwa wakati. Dawa yake ni mpangilio unaokifanya kifaa kikate muunganisho uliokaa kimya kwa muda uliowekwa.

Anwani ya kudumu haina budi kubaki ya ndani. Tarehe 23 Desemba 2015, wavamizi wa mtandao walikata umeme kwa wateja takriban 225,000 wa kampuni za usambazaji nchini Ukraine. Baada ya kufungua swichi za umeme kutoka mbali, waliharibu programu ya ndani ya vigeuzi vya siriali katika vituo vya kupozea umeme, hata watumishi wakalazimika kwenda vituoni kuurejesha umeme kwa mkono. Kigeuzi ambacho anwani yake inafikika kutoka intaneti, au ambacho nenosiri lake halijawekwa, huwa katika hatari ya namna hiyo.

Kwa kila kigeuzi, rejista ya kituo huandikwa anwani ya IP, anwani ya MAC, namba ya poti, kasi ya siriali na chumba kilipofungwa, na anwani hubandikwa kwenye kifaa chenyewe. Nenosiri halibandikwi. Kigeuzi kikirejeshwa katika hali ya kiwandani, anwani na kasi ya siriali vinaweza kupotea kwa pamoja, hivyo nakala ya mipangilio hutunzwa pamoja na rejista hiyo.