Maadili ya majaji na mahakimu: safari kutoka baraza la mtemi

Maadili ya majaji na mahakimu ni masharti yanayomfunga mtoa haki akiwa kwenye kiti chake na hata akiwa nyumbani: nani asikutane naye faragha, zawadi ipi asiipokee, shauri lipi asilisikilize, na aseme vipi na watu waliosimama mbele yake. Nchini Tanzania masharti haya yaliwekwa kwenye maandishi mwaka 1984, miaka zaidi ya ishirini baada ya uhuru. Kabla ya hapo yalikuwa zaidi mazoea, kiapo, na hofu ya kuwajibishwa na mkubwa.

Katika nchi za Wapimbwe, Wakonongo na Wabende, ambazo sehemu yake kubwa leo ni Mkoa wa Katavi, mtawala na mwamuzi walikuwa mtu mmoja, yaani mtemi. Waingereza hawakuubomoa mpango huo. Chini ya utawala wa kupitia watemi, uliojengwa na Gavana Donald Cameron kuanzia 1925, mtemi aliyekusanya kodi ndiye aliyeamua kesi. Jambo moja lilibadilika, nalo ni kubwa kuliko linavyoonekana: mtemi alianza kulipwa mshahara, na ada na faini za baraza zikaingia katika hazina ya wenyeji badala ya kubaki mikononi mwake. Mwamuzi asile kutokana na hukumu yake. Hilo ni sharti la maadili, ingawa liliandikwa kama sharti la fedha.

Lakini nani alimsimamia mwamuzi huyo? Sheria ya mahakama za wenyeji ya 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu na kuziweka chini ya watawala. Rufaa ilitoka kwa mtemi ikaenda kwa Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, ikapanda kwa mkuu wa jimbo, ikaishia kwa Gavana. Mawakili hawakuruhusiwa. Mtu aliyeonewa na mtemi alikwenda kumlalamikia kwa ofisa yuleyule aliyemtegemea mtemi huyo kwa kodi na vibarua. Mpango wa namna hiyo haukuweza kumfundisha mwamuzi kusimama peke yake.

Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaunganisha mahakama zote katika ngazi moja, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Hakimu akawa mtumishi wa mahakama. Nidhamu yake ikashikwa na tume ya utumishi, lakini bado hapakuwa na waraka mmoja wa kumwambia waziwazi mwenendo gani unatarajiwa kwake.

Waraka huo ulizaliwa katika kipindi kigumu. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi, na watuhumiwa wakapelekwa kwenye baraza maalumu nje ya mahakama za kawaida, bila mawakili na bila rufaa. Mwaka uliofuata sheria iliyounda baraza hilo ilibadilishwa na mashauri ya aina hiyo yakarudi Mahakama Kuu. Mwaka huohuo wa 1984, mwezi Machi, Mkutano wa Majaji na Mahakimu uliofanyika Arusha ulipitisha Kanuni za Maadili za Maofisa wa Mahakama. Jaji Mkuu alikuwa Francis Nyalali, aliyeshika wadhifa huo tangu 1977 hadi 2000.

Kanuni zile ni fupi na zinasomeka. Zilimtaka ofisa wa mahakama alinde heshima na uhuru wa mahakama. Aepuke mwenendo usiofaa na pia kila kinachoweza kuonekana hivyo. Awe mvumilivu na mwenye adabu kwa wadaawa na mashahidi. Asizungumze na upande mmoja wakati upande mwingine haupo. Amalize mashauri bila kuchelewa. Mpangilio wake unafanana sana na kanuni za Chama cha Wanasheria wa Marekani za 1972. Huko nako kanuni za kwanza, za 1924, zilitanguliwa na kashfa: Jaji Kenesaw Mountain Landis alikuwa amekubali kazi ya kusimamia mchezo wa besiboli kwa mshahara mnono huku akiendelea kuwa jaji.

Sharti zito kuliko yote ni lile la kuepuka kuonekana vibaya, na uzito wake unajulikana zaidi katika mji mdogo. Hakimu anayeishi Shanwe, ndani ya Manispaa ya Mpanda, hana pa kujificha. Ananunua dagaa sokoni kwa mama ambaye kesho ni shahidi. Anasali safu moja na mdaiwa. Jioni analetewa kadi ya mchango wa harusi, na anayeileta ana shauri la mpaka wa shamba mezani kwake. Akitoa elfu ishirini, upande wa pili utasema. Akikaa mbele kwenye sherehe, utasema zaidi. Huenda hakuna senti ya mlungula iliyopita, ila aliyeshindwa kesi ataondoka akiamini kwamba alishindwa ukumbini kabla ya kushindwa mahakamani. Kanuni ya 1984 ilimzuia hakimu asiutengeneze mwanya huo.

Rushwa yenyewe ilitajwa hadharani na Tume ya Jaji Joseph Warioba, ambayo katika taarifa yake ya 1996 iliitaja mahakama miongoni mwa vyombo vilivyoathirika. Jirani, Kenya ilichukua njia ya ghafla: mwaka 2003 kamati ya Jaji Aaron Ringera iliwataja majaji 23 na mahakimu 82, na wengi wakaacha kazi bila kusikilizwa. Tanzania haikufuata njia hiyo.

Nyalali alikuwa miongoni mwa majaji wakuu waliokutana Vienna Aprili 2000 kutafuta kanuni za dunia nzima, na waraka wa Arusha ukawa miongoni mwa nyaraka zilizosomwa wakati wa kuandika rasimu ya kanuni hizo, rasimu ya Bangalore ya 2001. Kanuni za Bangalore zilikamilishwa The Hague Novemba 2002, zikiwa na nguzo sita: uhuru, kutopendelea, uadilifu, staha, usawa, na umahiri pamoja na bidii. Mwaka 2000 Katiba ya Tanzania nayo iliongezwa ibara za 107A na 107B, zinazotaka haki itolewe bila ubaguzi wala ucheleweshaji usio na sababu, na mahakama iwe huru. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Rugaimukamu dhidi ya Mhariri wa gazeti la Mfanyakazi, ilitaja sababu za kumtaka jaji ajitoe: uhasama kati yake na mdaawa, ukaribu na upande wa pili, au maslahi yake au ya familia yake katika matokeo ya shauri.

Usimamizi ulipangwa upya na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011. Majaji wana kamati yao ya maadili. Mahakimu wanaangaliwa na kamati za mikoa na wilaya zilizo chini ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mwenyekiti wa kamati ya mkoa ni Mkuu wa Mkoa, na wa wilaya ni Mkuu wa Wilaya. Hapa kivuli cha Bwana DC wa 1929 kinarudi. Kamati hizo zipo karibu na mwananchi, na hilo ni jema. Lakini hakimu anayesikiliza kesi inayoihusu serikali anajua ni nani anayeongoza kikao cha kumchunguza. Kiti hicho kingekaliwa vyema zaidi na mtu asiye mtawala.

Kanuni za 1984 zilirithiwa na kanuni mpya za maadili za mwaka 2020. Mkazi wa Shanwe mwenye lalamiko atenganishe mambo mawili. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo akate rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, kwa kuwa kamati ya maadili haibadilishi hukumu. Aliyeombwa fedha, aliyetukanwa, au aliyemwona hakimu akiteta na mpinzani wake faragha, aandike malalamiko yake kwa Kamati ya Maadili ya Wilaya, akitaja siku, mahali na namba ya shauri.