Kumbe stroberi ni mtoto wa bahati: jasusi, miche mitano na mbegu isiyofanana na mama

Video za aina hii zinazunguka kila siku. Mdada ananunua stroberi supamaketi, anakwangua vile vidoti vya kwenye ganda kwa kisu, anavianika kwenye tishu, halafu anavipanda kwenye kopo la mtindi pale kibarazani. Miezi inapita, mche unakua, maua yanatoka, lakini tunda likija ni dogo, chachu, halifanani kabisa na lile la kwenye pakiti. Hapo lawama zinaanza: mbegu feki, udongo mbaya, jua la Dar. Wala hajaibiwa mtu. Stroberi imekuwa na tabia hiyo tangu siku ya kwanza, na bila tabia hiyo lile tunda la kwenye pakiti lisingekuwepo.

Stroberi kubwa nyekundu ya leo haijafikisha hata miaka 300. Zamani watu wa Ulaya walikula za porini, vitunda vitamu ila vidogo kama ncha ya kidole. Kubwa zilikuwa upande mwingine wa dunia, Chile, ambako Wamapuche walikuwa wanalima za kwao tangu kabla Wahispania hawajatia mguu. Kazi yao ilikuwa ya subira: mche ukizaa vizuri unautunza, unachukua watoto wake unawapanda, na wajukuu zako wanaendelea hapo hapo. Hakuna aliyeandika majina yao popote. Ndio wakulima wenye stroberi yao, lakini sifa zilikuja kwenda kwa mwingine.

Huyo mwingine alikuwa injinia wa jeshi la Ufaransa. Mwaka 1712 Mfalme Louis XIV alimtuma kwenye makoloni ya Hispania huko Chile na Peru akapeleleze. Jamaa akajifanya mfanyabiashara, anapiga stori na wakubwa, kumbe anachora ramani za ngome na kuangalia mizinga imewekwa wapi. Cha kuchekesha, jina lake la ukoo lilitamkwa karibu sawasawa na neno la Kifaransa la mmea wa stroberi. Alipofika Concepción akaona mashamba ya hayo matunda, mengine, kwa maneno yake mwenyewe, yamefikia ukubwa wa yai la kuku. Akaamua kurudi na miche.

Safari ya meli ilichukua kama miezi sita na maji ya kunywa yalikuwa ya kupimiwa. Miche ilipata maji kwa sababu msimamizi wa mizigo alikubali kuyatoa. Walipofika Ufaransa mwaka 1714 ilikuwa imebaki hai miche mitano tu, na miwili ikaenda kwa huyo msimamizi kama shukrani. Biashara ni maelewano bwana. Mmoja ulipelekwa bustani ya mfalme Paris, mmoja kwa bosi wa injinia, mmoja akabaki nao mwenyewe.

Halafu ikawa aibu. Miche inastawi, majani manene, maua yapo, tunda hamna. Miaka inakatika hivyo hivyo. Kosa lilikuwa la mwenyewe: kule Chile alichagua miche yenye matunda makubwa, na stroberi ya Chile ina mche dume na mche jike. Aliyebeba wenye matunda alibeba majike matupu. Dume lilibaki Concepción.

Waliookoa jahazi hawakuwa wasomi wa Paris, walikuwa wakulima wa kawaida wa Bretagne, maeneo ya Brest na Plougastel. Waliona kwamba ile ya Chile ikipandwa jirani na stroberi nyingine, hasa ile ndogo nyekundu iliyoletwa kutoka Virginia, Amerika Kaskazini, inazaa. Wakaanza kupanda mstari huu wa Chile, mstari ule wa Virginia. Nyuki wakamaliza kazi.

Sasa kwenye tunda kama hilo, mbegu ina baba Mmarekani na mama Mchile. Zilipoota, ikatokea stroberi mpya: ukubwa wa mama, rangi na utamu wa baba, na harufu iliyowafanya Wafaransa waiite nanasi. Hilo neno lipo mpaka leo kwenye jina lake la kisayansi, Fragaria × ananassa.

Aliyeitegua siri ni kijana aliyelelewa Versailles, baba yake akiwa msimamizi wa majengo ya mfalme. Mwaka 1764 alichavusha mwenyewe mche jike wa Chile, ukazaa, akaupeleka na kopo lake kwa Mfalme Louis XV. Kabla ya hapo alikuwa amesia mbegu za stroberi ya porini, na mche mmoja ukaota na jani moja moja badala ya majani matatu matatu. Wengine wangeung'oa. Yeye akachukua mbegu zake, akasia, jani moja likarudi. Mwaka 1766 akachapisha kitabu kizima kuhusu stroberi, na alikuwa hajafika hata miaka 20.

Ndio maana ya kile kinachotokea kwenye kopo la mtindi. Binadamu ana seti mbili za kromosomu, stroberi hii ina 8, kwa hiyo kila mbegu ni karata iliyochanganywa upya. Wakulima wanaotaka tunda lile lile hawasii mbegu. Wanatumia vile vikamba vinavyotambaa chini na kuotesha watoto. Mbegu ni ya mtu anayetafuta kitu kipya. Mkulima mmoja jirani na London alisia nyingi, akachagua mche mmoja tu, na mwaka 1821 tunda lake likawa gumzo la Uingereza nzima. Anayetaka kusia nyumbani asizifukie, zinahitaji mwanga, na wiki chache za friji kwanza husaidia. Akitaka mtoto afanane na mama, anunue mbegu za ile ndogo ya porini, ambayo haina mambo mengi.

Plougastel leo wana makumbusho ya stroberi. Na kule Chile, kwenye vilima vya Purén, familia chache bado wanalima ile nyeupe ya wazee, msimu wake mfupi ukianguka mwisho wa mwaka. Wanaipanda kwa vikamba.