Maiki Iko kwa Nani? Historia ya Vikao Vyetu

Wasee wa Kamukuywa, Kimilili, Webuye mpaka Kitale, leo tuongelee kikao. Kile cha ofisa wa kaunti kuja na makaratasi, anauliza mnataka nini, watu wanataja barabara, maji na taa za soko, mnasaini orodha, basi. Rika letu haliendi. Tunasema hayo ni ya wazee na soda zao.

Halafu tunaambiwa kuulizwa maoni ni zawadi ya Katiba ya 2010. Zii. Watu wa huku wamekuwa wakiitwa kwa baraza zaidi ya miaka 100. Shida haijawahi kuwa kuitwa.

Mwanzoni chifu ndiye aliyeita, na hakuita ili asikize. Aliita atangaze kodi na kazi ya lazima. Na chifu mwenyewe hakuwa wa kuchaguliwa: Kimilili iliwekewa Murunga, ndugu yake Nabongo Mumia, kutoka Wanga. Babu zetu Wabukusu walilalamika miaka mingi kwamba wanatawaliwa na mtu wa kuletwa.

1924 sheria ikabadilishwa, yakaja mabaraza ya wenyeji. Letu lilikuwa la North Kavirondo, makao Kakamega. Wajumbe wengine walichaguliwa, wengine waliteuliwa, lakini mwenyekiti alikuwa DC, mzungu. Fikiria unaleta malalamiko juu ya serikali, na anayeamua kama yataandikwa ni serikali hiyo hiyo. (Ukivuka kwenda Kitale ilikuwa mbaya zaidi. Trans Nzoia ilikuwa ardhi ya masetla, Mwafrika aliishi huko kama kibarua, hakuwa na kikao chochote.)

Sasa hapa ndipo mimi hukasirika kabisa. 1930 wakoloni walitunga sheria ya kulinda ardhi ya wenyeji: ardhi ikichukuliwa, baraza lenu liulizwe, na mpewe ardhi nyingine ya thamani hiyo. Poa, sivyo? 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega. Desemba 1932 wakaibadilisha sheria haraka haraka: hakuna haja ya kuuliza baraza, na fidia inaweza kuwa pesa. Miaka miwili tu! Haki ya kuulizwa ilidumu mpaka siku kulikuwa na kitu cha maana cha kuulizwa.

Watu wakifungiwa ukumbi hawanyamazi, wanatafuta mahali pengine. Elijah Masinde wa Maeni, hapa tu karibu na Kimilili, aliichezea Kenya mpira, halafu akageuka mwiba kwa wakoloni. Walimweka hospitali ya wagonjwa wa akili, Mathari, kutoka 1945 hadi 1947. Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa Dini ya Msambwa pale Malakisi, watu 11 wakafa. Huwa mnapita Malakisi na bodaboda kama ni senta ya kawaida tu.

Uhuru ukaja na mabaraza ya kaunti, lakini sheria ya 1969 ikayanyang'anya shule za msingi, afya na barabara. Diwani akabaki na soko na choo cha soko. Ndio maana wazazi wetu walizoea kumwona diwani kama mtu wa kuomba harambee.

Sasa kuna meno kidogo. Kifungu cha 196 kinalazimisha bunge la kaunti kushirikisha umma. Na si maneno matupu: 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Julai 2024, wiki chache baada ya vijana kuingia barabarani, Mahakama ya Rufaa iliangusha Sheria ya Fedha ya 2023, sababu mojawapo ikiwa Bunge halikueleza kwa nini lilikataa maoni ya watu. Oktoba Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo. Kwa hivyo lile swali la kujibiwa bado tunalo, kama tu enzi za DC.

Na msiniambie Bungoma hakuna cha kuuliza. Hii ndiyo kaunti iliyonunua wilbaro 10 kwa Sh109,320 kila moja mwaka wa 2015. Nchi nzima ilicheka, sisi tukalipa.

Makadirio ya bajeti lazima yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo kuna vikao. Ukienda, usianze na barabara, maana barabara kila mtu ataisema. Mimi swali langu la kwanza liko tayari: tuliyosema mwaka jana yako ukurasa gani, na yale mliyoyatoa, nani aliyatoa na kwa nini?