Tiba ya kubonyeza masikio na safari yake ya njia mbili

Katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China, kuna hekalu la Kidao liitwalo Sanyuan, chini ya kilima cha Yuexiu. Humo hukumbukwa Bao Gu, mke wa mwanazuoni Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4 na kusifika kwa kutibu wagonjwa kwa joto la majani makavu ya jamii ya pakanga. Kwa mzee mwenye maumivu sugu ya mgongo, ambaye tumbo na figo zake hazistahimili vidonge vya kila siku, tiba zisizo za kumeza zina thamani hadi leo. Mojawapo ni kubonyeza masikio.

Wengi hudhani tiba hiyo imerithiwa yote kutoka kale. Ni kweli kuwa kitabu cha kale cha Huangdi Neijing kinalihusisha sikio na mikondo ya mwili. Lakini ramani ya sikio inayotundikwa kwenye zahanati ilianzia mbali na China.

Katika miaka ya 1950, daktari Paul Nogier wa mji wa Lyon, Ufaransa, aliona wagonjwa wenye kovu la moto sikioni. Walikuwa wamechomwa na mganga wa kienyeji, na maumivu yao ya kiuno yanayoshuka mguuni yalikuwa yamepoa. (Kutibu kwa kuchoma si jambo geni kwa wasikilizaji walioko Oman.) Nogier akalifananisha sikio na mtoto aliyepinduka tumboni mwa mama: ndewe ni kichwa, na ukingo wa ndani uliojipinda ni uti wa mgongo.

Makala yake ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1957, na mwaka uliofuata ikafasiriwa kwa Kichina mjini Shanghai. Wachina hawakuipokea kwa kufumba macho. Kikundi cha utafiti cha jeshi mjini Nanjing kiliyahakiki maeneo hayo kwa wagonjwa zaidi ya 2,000, na ramani ikazidi kupanuliwa. Wakati huo Chuo cha Tiba ya Jadi cha Guangzhou, kilichoanzishwa mwaka 1956 pamoja na vya Beijing, Shanghai na Chengdu, kilikuwa bado kichanga. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa kusawazisha majina ya maeneo ya sikio, na ulifanyika Lyon kwenyewe.

Siku hizi sindano si lazima. Mbegu ndogo nyeusi za mmea uitwao wangbuliuxing hubandikwa sikioni kwa plasta, na mgonjwa huzibonyeza mwenyewe nyumbani mara kadhaa kwa siku.

Je, zinasaidia? Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walieleza kuwa baada ya wiki 4, maumivu ya mgongo yalipungua pamoja na baadhi ya saitokini, yaani protini za damu zinazochochea uvimbe mwilini. Waliochunguzwa walikuwa wachache, na matokeo hayo hayatoshi kumwambia mzee aache dawa zake. Hata hivyo yanatoa fununu: tawi la mshipa wa fahamu wa vagasi hufika kwenye ngozi ya sikio, na mshipa huo unajulikana kuwa hutuliza uvimbe.